Hesabu Kwanza, Ndipo Fizikia



Leo tunazungumza na wenzetu waliokwisha kujua kusoma na kuandika, ambao sasa wanataka kujifunza fizikia. Wengi huanza kwa moyo, lakini baada ya majuma machache wanaacha, na ada waliyolipa inapotea. Wanasema, "Fizikia si ya watu wazima." Sivyo, ndugu! Kinachowaangusha mara nyingi ni hesabu.

Tuchukue mfano wa mtaimbo. Tukitaka kuinua jiwe shambani, tunaweka gogo dogo chini ya mtaimbo, karibu na jiwe, kisha tunakandamiza upande wa pili. Gogo hilo ni egemeo. Jiwe ni mzigo, na nguvu ya mkono ni jitihada. Fizikia inasema: mzigo mara umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na jitihada mara umbali wake.

Haya, tupige hesabu. Jiwe lina kilo 90, nalo liko sentimita 20 kutoka kwenye egemeo. Mkono uko mita 1.2 kutoka hapo. Je, tukandamize kwa nguvu gani?

Mtu akizidisha 90 kwa 20, akagawanya kwa 1.2, atapata kilo 1,500. Tani moja na nusu! Nani ataiweza? Kosa ni kuchanganya sentimita na mita. Mita 1.2 ni sentimita 120. Basi 90 mara 20 ni 1,800. Gawanya kwa 120, jibu ni 15. Uzito wa kilo 15 unalisawazisha jiwe la kilo 90. Tukiongeza kidogo tu, linainuka.

Kwa hiyo, kabla ya fizikia tujue mambo manne:

1. Kuzidisha na kugawanya bila kubahatisha.
2. Sehemu na desimali.
3. Kubadili vipimo: mita, sentimita, kilo, gramu.
4. Kutumia herufi badala ya namba. Mzigo tuuite M, jitihada J, na umbali wa kila moja a na b. Basi M × a = J × b. Kwa hiyo J = M × a ÷ b.

Zoezi la nyumbani: mzigo ni kilo 60, umbali wake sentimita 25. Mkono uko mita 1.5 kutoka kwenye egemeo. Jitihada ni kiasi gani? Ukipata kilo 10, njoo darasani bila hofu. Ukipata jibu jingine, usikate tamaa. Anza na vipimo.