Alama Zinenazo kwa Wasioona
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Chama chetu kimezoea kuzungumza juu ya karo za shule, matanga na wagonjwa, na ni vyema iwe hivyo. Leo naomba niwasemee wenzetu wasioona, ambao watu wengi huwakumbuka siku ya kugawa unga na blanketi tu.

Linalomsumbua asiyeona si giza peke yake, bali kuomba. Akipewa chupa ya dawa huomba asomewe. Akipokea barua huomba asomewe, hata ikiwa ya siri. Akisimama kituoni huomba aambiwe matatu hii yaenda wapi. Atakayemjibu aweza kuwa mwungwana, aweza pia kuwa mwizi. Nukta za Louis Braille, alizozichapisha mwaka 1829, zimewafungulia wengi mlango wa elimu, wakiwamo watoto wetu waliosoma katika Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Lakini nukta husomwa kwa kidole, na kidole sharti kwanza kijue zilipo. Tena mzee aliyepofuka baada ya miaka mingi ya jembe, vidole vikiwa vigumu, hupata taabu kubwa kujifunza.

Mwaka 1994 kampuni ya Denso Wave ya Japani ilibuni alama ya mraba iitwayo QR, ili kufuatilia vipuri vya magari. Nyote mmeiona madukani. Kamera ya simu ikielekezwa kwake, simu husoma habari iliyomo. Ni kazi nzuri, ila yampasa mtu aione alama kwanza, kisha aisogelee na kuilenga. Ni kama kumwambia kipofu kwamba ufunguo uko mezani, naye hajui meza iko wapi.

Huko Hispania, kampuni ya Neosistec ya mji wa Murcia, pamoja na Chuo Kikuu cha Alicante, walitengeneza alama nyingine, NaviLens, yenye miraba ya rangi kali iliyozungukwa na weusi. Kamera huinasa kutoka mbali na hata kwa upande, mtu akiwa anatembea, bila kuilenga sawasawa. Simu humwambia kwa sauti alama iko umbali gani na upande gani, kisha humsomea habari zake. Alama hizo zimewekwa katika vituo vya treni za chini ya ardhi na vya mabasi mjini Barcelona. Uingereza nako, mwaka 2020, Kellogg's walizijaribu kwenye paketi za Coco Pops. Simu iliisoma alama kutoka umbali wa mita 3 hivi, ikataja chakula kimetengenezwa kwa nini, na vitu gani ndani yake huwadhuru baadhi ya watu. Mwaka 2022 wakaanza kuzitia kwenye paketi zao nyingine.

Wazee wangu, sisemi haya ili tustaajabie mambo ya Ulaya. Programu yenyewe hupatikana bure, lakini simu si bure, wala intaneti si bure. Alama iliyobandikwa kituoni, iwapo asiyeona hana simu, ni pambo la ukuta tu. Na kuitumia simu kwa kusikiliza ni jambo la kufundishwa. Kwa hiyo sitakubaliana na atakayetaka tuanze kwa kubandika alama.

Naomba fedha ya kwanza inunue simu mbili au tatu zikae ofisini, na kijana mmoja mwenye ujuzi awafundishe wanachama wasioona kila Jumamosi. Wao wenyewe ndio watakaotuambia kama alama hizi zawafaa kwenye chupa za dawa na makopo ya nyumbani, au kama wangependa kitu kingine kabisa. Lakini hawawezi kutuambia wakiwa nje ya mlango. Naomba wawili kati yao waingie katika Kamati, wakiwa na kura kama wajumbe wengine.

Bwana Mwenyekiti, naomba ombi hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, nalo lipigiwe kura kabla ya makadirio ya mwaka ujao kupitishwa.