Nyumba Zijengwe, Haki Zisibomolewe



Mji wa Nakuru ulipewa hati ya jiji mwezi wa Desemba 2021. Jiji huhitaji nyumba. Chini ya sheria ya mwaka wa 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho, ili nyumba za bei nafuu zijengwe.

Sisi hatuzipingi nyumba. Bali twauliza: zitasimama juu ya nini? Ghorofa likijengwa katika uwanja wa shule, watoto wa ghorofa hilo watacheza wapi? Soko likivunjwa, mama muuza mboga atalipa kodi kwa fedha gani?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimetaja makao, maji safi, afya na elimu kwa pamoja. Haki moja haitolewi kwa kunyang'anya nyingine. Mapambano haya si mapya: mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na bustani ikasalia mali ya umma.

Kwa hiyo twadai ramani zibandikwe hadharani kabla ya tingatinga kufika. Ardhi ya shule, zahanati na soko isiguswe. Na wapangaji wa mitaa ya zamani wawe wa kwanza kupewa funguo.

Kikao cha maoni ya umma kikiitwa, twende sote, tuulize, tuandike. Tukinyamaza, kimya chetu kitahesabiwa kuwa idhini.