Kaburi Penye Kona ya Shamba

(Mazungumzo ya redioni ya mchungaji wa Kiptere, Kericho)

Popote mlipo, iwe jikoni mnachemsha chai, au njiani na kikapu cha majani mgongoni, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo nataka kuwasimulia habari za mkulima mmoja, jina lake František Sadílek. Huyu hakuishi Kericho, wala sidhani kama alipata kuuona mche wa chai. Alikuwa Mcheki, mtu wa Bohemia, nchi ile ile alikozaliwa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Ndugu zetu Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, kanisa lao lina asili yake huko. Lakini Sadílek hakuwa mhubiri. Alikuwa baba wa watoto aliyetaka shamba.

Zikaja barua kutoka Marekani. Binti yake Anna, alipokuwa bibi wa miaka 85, alimwandikia msichana mmoja wa shule habari hizo zote, na barua yake imehifadhiwa. Alisema kwamba baba yao aliandikiwa kuwa nchi ni njema, nyumba ni nzuri, na miti ni mingi. Siku zile makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa na ardhi ya kuuza, yakachapa matangazo kwa lugha za Ulaya na kuyasambaza mbali. Serikali nayo, kwa sheria ya mwaka 1862, iligawa ekari 160 kwa mtu atakayekaa na kulima miaka mitano. Ekari 160! Mtu wa Kiptere mwenye ekari mbili za chai akisikia hivyo, si atauza ng'ombe aende?

(Niseme jambo moja hapa, kwa maana msikilizaji wa Kericho atalifikiria hata nisipolisema. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wapawnee, na katika miaka ya 1870 mabaki yao walihamishiwa mbali, mahali ambapo leo ni jimbo la Oklahoma. Sisi tunaokumbuka jinsi ukoo wa Talai ulivyopelekwa Gwassi kuanzia mwaka 1934 hatuhitaji kufafanuliwa. Lakini maskini wa Bohemia hakuambiwa hayo katika barua.)

Jamaa hii ilifika Red Cloud, jimbo la Nebraska, mwezi wa Novemba 1880. Anna alikuwa na miaka 11. Walitazama huku na huku wakitafuta zile nyumba nzuri, wakaona mashimo yaliyochimbwa ardhini na kufunikwa kwa udongo na nyasi. Ndizo nyumba. Miti haikuwepo. Lugha ya majirani hawakuijua. Tena mwaka ule majira ya baridi yalikuwa makali kupita kiasi. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka tangu Oktoba. Sisi tunaijua mvua ya mawe inavyoyachana majani ya chai kwa mchana mmoja, lakini mawe yale huyeyuka kabla ya jioni. Theluji ya kule ilikaa miezi.

Mwezi wa Februari 1881, siku moja, Sadílek alimwambia mkewe kwamba anakwenda kuwinda sungura. Jioni ilipofika hakurudi. Wakatoka kumtafuta, wakamkuta amekufa. Alikuwa amejitoa uhai. Hakuwa amemaliza hata miezi minne katika nchi ile ya ahadi.

Ndugu zangu, nimelitafakari sana neno hilo la sungura. Alitoka nyumbani kama mume yeyote anavyotoka. Hakulia, hakugombana na mtu. Mkewe huenda alifurahi kwamba leo kutakuwa na kitoweo. Nami nawaza juu ya mambo ambayo hakuweza kuyasema. Mtu aliyewang'oa watoto wake kwao akawavusha bahari, atawaandikiaje jamaa waliobaki kwamba amedanganyika? Atamwambiaje mke wake? Afadhali aseme sungura.

Na kwetu je? Mwanamume wa kwetu akiulizwa habari husema ni nzuri. Amechukua mbolea kwa mkopo, ana deni la chama cha akiba, na karo ya Januari inamngoja. Anategemea bonasi ya Oktoba. Bonasi inakuja, naye anasikia kwamba viwanda vya upande ule mwingine wa Bonde la Ufa vimelipa zaidi, kama ilivyo kawaida, na yeye hesabu yake imekatwa hata haitoshi. Anakunja karatasi, anaitia mfukoni. Jumapili yupo kanisani, anaimba. Nani atamjua?

Mtumishi wa Mungu Eliya alifika hapo. Someni wenyewe Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Tazameni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, wala hakumtumia mhubiri. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mahubiri yalikuja baadaye, tena kwa sauti ndogo. Mimi naona wengi wetu tunaanza na mahubiri na mkate tunausahau. Mtu akikwambia amechoka na maisha, usimwambie kwamba hana imani. Kaa naye. Mpikie uji. Mpeleke kituo cha afya, kwa maana ugonjwa wa moyo uliozama una dawa kama malaria ilivyo na dawa. Na wewe unayenisikiliza peke yako leo, mwenye jambo hilo moyoni, mwambie mtu mmoja kabla jua halijatua. Paulo naye, gerezani Filipi, alipaza sauti kubwa kumzuia yule askari asijidhuru. Hakungoja kesho.

Sadílek alizikwa penye kona ya shamba lake. Anna asema hapakuwa na makaburi karibu. Mwandishi Willa Cather, aliyefika Nebraska mwaka 1883 akiwa mtoto wa miaka tisa na kuisikia habari hiyo, aliitumia katika kitabu chake My Ántonia, kilichotoka mwaka 1918. Ndani ya kitabu, ambacho ni hadithi, kanisa moja linafanya kikao na kukataa mtu wa namna hiyo asilale katika uwanja wao. Hilo alilibuni, lakini hakubuni kitu kigeni. Kitabu chetu sisi Waanglikana cha Sala cha mwaka 1662 kinakataza ibada ya mazishi isisomwe kwa mtu aliyejiua. Ilipofika mwaka 2015 ndipo sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza ilipokubali kuibadili sheria yao juu ya jambo hilo. Nayo sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kushtakiwa, mpaka Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba.

Mahakama imetutangulia. Huku kwetu mnajua jinsi ilivyo: mazishi ya haraka, kwaya haiji, wazee wa kanisa wanakumbuka ghafla safari zao. Mjane anabaki na majembe na watoto, na watoto shuleni wanaonyeshwa kidole. Nawauliza wazee wa kanisa wanaonisikiliza: yule mtoto wa miaka 11 alikuwa ametenda dhambi gani?

Yule mtoto alishika kazi za shamba kama mwanamume, kisha akaenda mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Baadaye aliolewa na Mcheki mwenzake, Jan Pavelka. Wakalima ardhi ile ile iliyomshinda baba yake, wakalea watoto wengi, na shamba lao hata leo watu huenda kulitazama. Barua yake aliiandika mwezi wa Februari 1955, na Aprili mwaka huo huo akafariki. Hakuificha habari ya baba yake, wala hakuisema kwa aibu. Alimweleza yule msichana kwamba mifupa ya baba yake haiko tena penye kona ya shamba. Jamaa waliihamisha, akalazwa katika makaburi ya mji wa Red Cloud pamoja na watu wote, na mkewe yuko huko pamoja naye.