Mtihani mmoja usiwe hukumu

Msikilizaji, mtoto anayeuza machungwa pale Soga, mkoani Pwani, hukokotoa chenji kichwani kabla mnunuzi hajafunga pochi. Darasani huyohuyo huenda akaitwa mzito.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti walioufanya karibu na Bagamoyo, mkoa huuhuu wa Pwani. Waliwapima wanafunzi, wakawafundisha mbinu za kufikiri kwa muda usiofika saa moja, kisha wakawapima tena. Alama zikapanda. Kumbe kipimo cha kwanza kilionyesha walichokwisha kufundishwa, hakikuonyesha uwezo wao wote.

Walimu na wazazi wa Kibaha na Kisarawe, tusimfungie mtoto mlango kwa karatasi moja. Tumfundishe kwanza, kisha tumpime tena.