Moteri Hainunuliwi Mara Moja

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka, juu ya matumizi ya sanduku la chama

 

Kamati imenipa dakika chache niseme juu ya lile pendekezo la kununua moteri ya umeme kwa akiba ya sanduku letu. Moteri ingechaji betri za wavuvi na simu, watu wangelipa, sanduku lingepata faida. Wengi wamelipenda wazo hilo, na faida hata mimi naitaka. Naomba tu tuitafute kwa jua.

Tuanze na ziwa, kwa sababu wavuvi wetu wametutangulia. Mnakumbuka karabai? Mitumbwi ilikuwa inatoka jioni na karabai za petroli kuvuta ndagala, na sehemu ya pesa ya samaki ilikuwa inateketea usiku uleule. Leo mitumbwi mingi inawasha balbu za LED kwa betri. Hawakungoja mtu aje kuwahubiria habari za hali ya hewa. Walipiga hesabu, basi. Shida iliyobaki iko huku nchi kavu: betri ikirudi asubuhi, mara nyingi inachajiwa kwa moteri. Kumbe mafuta tuliyatoa mtumbwini, yakaenda kutungojea mwaloni.

Sasa na sisi tupige hesabu. Moteri ndogo ikinguruma masaa 5 inakunywa kama lita 3 mpaka 5 za esanse. Kwa siku 20 za uvuvi, hizo ni lita 60 mpaka 100 kila mwezi, mbali na oili, plagi na fundi. Na bei yake hatuipangi sisi. Esanse inatoka mbali. Mvua ikikata barabara, au usalama ukiharibika, bei inapanda siku hiyohiyo, na pesa ya ndagala haipandi pamoja nayo. Njo maana nasema moteri hainunuliwi mara moja. Unainunua tena kila asubuhi.

Tuje kwenye jua. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50, ukiitumia nusu tu, inawasha balbu 3 za wati 10 kwa masaa 10, usiku mzima wa kazi. Kuijaza tena kunahitaji kama wati-saa 350. Paneli za wati 1,000, siku yenye masaa 5 ya jua kali, zingetoa wati-saa 5,000. Tukitoa hasara ya vumbi, joto na nyaya, tuhesabu 3,500. Hizo ni betri 10 kwa siku. Siku ya mawingu zitakuwa 4 au 5, hata pungufu. Hilo tuwaambie wateja mapema, tusidanganyane.

Lakini jua nalo lina gharama. Paneli nzuri inaweza kufanya miaka 20 na zaidi. Betri ya risasi na asidi ikitunzwa vizuri inafanya kama miaka 3 mpaka 5. Ikiachwa kuisha kabisa kila usiku, inaweza kufa kabla ya miaka 2. Mmeona wenyewe paneli za msaada juu ya mabati, kioo kizima, na chini yake giza. Paneli haikufa. Ilikufa betri, na hakukuwa na pesa iliyowekwa ya kuibadilisha. Wafadhili wetu, nasema kwa heshima: afadhali mtuletee paneli 2 pamoja na mafunzo ya vijana 2, kuliko paneli 10 na sherehe ya kuzipokea.

Tena betri iliyokufa ni sumu. Asidi yake isimwagwe ziwani wala karibu na kisima, na mtoto asiguse risasi yake.

Kuna mambo ambayo umeme huu hautayaweza. Mashini ya kusaga mihogo itaendelea kunywa mazuti kwa sasa. Ugali nao hautapikwa kwa paneli hizi. Jikoni bado ni kuni na makala. Ila waliokaa Nyarugusu na Lugufu wanajua kufinyanga jiko la udongo linalobana moto, kwa sababu kambini kuni zilikuwa taabu, na wamama walikuwa wanazifuata porini kwa hofu. Ujuzi ule tulirudi nao. Tusiutupe eti kwa vile huku miti bado ipo. Makala ya leo yanatoka mbali kuliko ya zamani, sivyo?

Basi naomba mkutano uamue mambo 3. Kwanza, akiba inunue paneli na kidhibiti cha chaji, si moteri. Pili, katika kila malipo ya kuchaji, sehemu moja ya tano iwekwe kando kwa ajili ya matengenezo, na isiguswe kwa harusi wala kwa matanga. Tatu, vijana 2, mmoja wao msichana, wapelekwe kwa fundi kujifunza kabla paneli hazijafika.

Anayekubali anyooshe mkono. Anayekataa naye aseme sababu yake, katibu aiandike. Pesa hii ni ya wote.