Bunduki Iliyonunuliwa kwa Ajili ya Jirani



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya nguvu za majeshi ya nchi jirani zinazoshindana, na juu ya fedha zinazotumiwa kununua silaha. Serikali yoyote inapotaka fedha hizo, husema maneno yale yale: jirani amenunua, nasi tusipojiandaa tutamezwa. Mwananchi akisikia hayo hunyamaza, kwa maana hakuna apendaye kuona nchi yake ikivamiwa. Leo tusinyamaze. Tuifuate safari ya silaha hizo tangu siku ya kununuliwa hadi siku ya kutumiwa, tuone ziliishia kwa nani. Mfano wetu hauko mbali. Ni majirani zetu wawili, Somalia na Ethiopia, ambao ushindani wao umetufikia hadi mlangoni.

Somalia ilipopata uhuru mwaka wa 1960, bendera yake ilikuwa na nyota ya ncha tano, kila ncha ikiwakilisha sehemu mojawapo wanamokaa Wasomali. Ncha moja ilikuwa Ogaden, iliyo ndani ya Ethiopia. Nyingine ilikuwa kaskazini mwa Kenya yetu. Hapo ndipo hofu ilipoanzia. Ethiopia ilikuwa tayari imekwisha kufanya mkataba wa kijeshi na Marekani mwaka wa 1953. Somalia, ilipoona Wamagharibi hawataki kuipa jeshi kubwa, iliwageukia Warusi mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili zilikuwa zikipigana mpakani. Tangu hapo kila upande ulihesabu vifaru vya mwenzake, na kila hesabu ikawa sababu ya kununua zaidi.

Kufikia mwaka wa 1977, Somalia ilikuwa na vifaru vinavyokadiriwa kuwa 250, na kwa silaha hizo ilikuwa imempita jirani yake, ingawa Ethiopia ilikuwa na watu wengi zaidi mara kadhaa. Ethiopia yenyewe ilikuwa katika msukosuko. Mfalme Haile Selassie alikuwa ameondolewa mwaka wa 1974, maofisa wa jeshi walikuwa wakiuana wao kwa wao, na Mengistu Haile Mariam alikuwa ndiyo kwanza ameshika hatamu. Siad Barre, aliyekuwa amejinyakulia madaraka kule Mogadishu mwaka wa 1969, alipopiga hesabu yake aliona wakati umefika. Mwezi wa Julai 1977 majeshi yake yaliingia Ogaden, na mwezi wa Septemba mji wa Jijiga ulikuwa mikononi mwao.

Hesabu ya vifaru haikukosewa, ndugu zetu. Kilichokosewa ni kudhani kwamba silaha ya kupewa ni mali ya aliyepewa. Warusi waliona kwamba Ethiopia ni rafiki mkubwa zaidi, wakahamia upande wa pili. Mwezi wa Novemba Siad Barre aliwafukuza washauri wao, nao wakaanza kumiminia Ethiopia silaha kwa ndege na meli, zenye thamani ya karibu dola bilioni moja, pamoja na askari wa Kuba zaidi ya 10,000. Angani, marubani wa Ethiopia waliofunzwa na Wamarekani walikuwa wamekwisha kuwashinda wenzao. Mwezi wa Machi 1978 Jijiga ilikombolewa, na Somalia ikatangaza kuwarudisha askari wake nyumbani. Jeshi lililojengwa kwa miaka kumi na mitano lilivunjika katika miezi minane.

Wazee wetu husema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru wa vita hivi walikuwa wawili, nao wala hawakuona haya kubadilishana matawi. Mrusi aliyekuwa Berbera alihamia Ethiopia. Na mwaka wa 1980 Mmarekani aliyetoka Ethiopia alipewa ruhusa ya kuitumia Berbera. Panzi ndio waliobaki na makaburi na madeni.

Je, viongozi wale walijifunza? Kule Somalia, maofisa waliojaribu kumpindua rais baada ya kushindwa vitani walipigwa risasi mwaka huo huo wa 1978. Kule Ethiopia, Mengistu alijenga jeshi kubwa kupita mengi ya bara hili, kwa mkopo wa mabilioni ya dola ambao waliomrithi waliukuta mezani. Njaa ya 1984 na 1985 ilipowaua mamia ya maelfu ya watu, fedha za silaha hazikukosekana. Katika nchi hizo zote mbili hapakuwa na bunge la kuuliza, wala gazeti la kuandika, wala chama cha pili cha kusema hapana. Aliyeuliza bei ya kifaru aliitwa kibaraka wa jirani.

Sasa tunafikia mwaka ambao tunawaomba muukumbuke kuliko yote, nao ni 1988. Mwezi wa Aprili mwaka huo Siad Barre na Mengistu walipatana. Kila mmoja aliahidi kuacha kuwasaidia waasi wa mwenzake, na majeshi yakaondolewa mpakani. Mtu angetazamia kwamba sasa silaha zitawekwa ghalani, na fedha zitaelekezwa kwenye shule na visima. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa Mei waasi wa kaskazini mwa Somalia, walioona maficho yao ya Ethiopia yanafungwa, waliingia Burao na Hargeisa. Serikali ilijibu kwa mizinga na ndege. Ndege hizo ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa yenyewe, zikaangusha mabomu juu ya mji ule ule, kisha zikatua papo hapo kupakia mengine. Maelfu kwa maelfu waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbilia wapi? Wakakimbilia Ethiopia, kwa yule jirani waliyeambiwa miaka yote kwamba ndiye adui.

Na katika majuma hayo hayo, tarehe 22 Juni 1988, ndege za Ethiopia zilipiga mji wa Hawzen huko Tigray. Ilikuwa siku ya soko. Waliouawa ni wanunuzi na wauzaji, watu waliokuja na punda na nafaka zao. Idadi yao inakadiriwa kupita 1,800.

Ndugu zetu, tupime jambo hili kwa makini. Maadui wawili walikuwa wamekwisha patana, na hata miezi mitatu haikupita kabla ya ndege za kila mmoja kuwaua raia wake mwenyewe. Silaha zilinunuliwa kwa jina la jirani. Zilipomkosa jirani, zilimgeukia mwananchi. Hadi leo, katikati ya Hargeisa, watu wa mji ule wameweka juu ya msingi ndege ya kivita aina ya MiG ya jeshi lililowapiga, ili watoto waione.

Tawala zote mbili zilianguka mwaka wa 1991. Maghala ya silaha ya Mogadishu yakawa hayana mwenyewe, na bunduki zikasambaa pembe zote. Wengi wa wasomaji wetu wa Garissa, Wajir na Mandera hawahitaji kuelezwa zilifika wapi. Mwaka huo huo kambi za Dadaab zilifunguliwa. Zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000.

Hatusemi kwamba nchi ikae bila walinzi. Ethiopia ilivamiwa kweli mwaka wa 1977, na askari anayelinda mpaka anastahili heshima na mshahara wake. Tunasema hivi: nguvu ya jeshi haipimwi kwa vifaru peke yake. Ipimwe pia kwa maswali ambayo mwananchi anaruhusiwa kuuliza juu ya vifaru hivyo. Ni nani aliyeamua vinunuliwe? Ni bei gani, na nani amepata cha juu? Na siku jirani atakapokuwa rafiki, vitaelekezwa kwa nani?

Maswali haya ni yetu pia. Mikataba ya Anglo Leasing, iliyofichuliwa mwaka wa 2004, ilipata mwanya kwa sababu neno "usalama" lilitosha kufunga kinywa cha kila muulizaji. Katiba yetu ya 2010 imefungua kinywa hicho. Kifungu cha 238 kinasema kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na ya Bunge. Kifungu cha 241 kinataka idhini ya Bunge la Taifa kabla ya jeshi kupelekwa kutuliza ghasia ndani ya nchi. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana, jeshi liliitwa kwanza, na wabunge wakaidhinisha siku iliyofuata. Kifungu kisichosimamiwa ni kama kufuli lisilo na ufunguo: laning'inia mlangoni, na mwizi anapita.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja, nalo si gumu. Mbunge wenu atakaporudi nyumbani baada ya bajeti kusomwa, msimuulize habari za barabara tu. Muulizeni amepiga kura gani juu ya fedha za ulinzi, na kama alisoma alichokipitisha. Akisema ni siri, mwambieni habari za soko la Hawzen na uwanja wa ndege wa Hargeisa. Watu wa miji ile hawakupewa nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.