Kuchagua Chuo cha Muziki na Maigizo: Hotuba kwa Watahiniwa wa Nyansiongo



Kila mwaka, tamasha za muziki na drama huibua mtoto anayewafanya watu wasahau njaa. Akimaliza Kidato cha Nne, mzazi huuliza: "Nyimbo zitamlisha?" Swali hilo ni la haki. Lijibiwe kabla ya kujaza maombi ya KUCCPS, si baada ya karo kulipwa.

Kwanza, alama. Shahada huhitaji angalau C+, stashahada, C-. Aliyekosa shahada bado ana mlango.

Pili, masomo yenyewe. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha muziki, na pia maigizo na filamu, lakini kwa kozi tofauti. Maseno, kilicho karibu zaidi na nyumbani kuliko Kenyatta, hufundisha muziki. Anayependa kuimba na kuigiza aamue lipi litakuwa shahada na lipi la klabu.

Tatu, aulize: wanafunzi hupanda jukwaani mara ngapi? Vyombo vipo? Waliohitimu wanafanya kazi wapi? Anayetaka kufundisha shuleni achague kozi ya ualimu.

Mpiga obokano hukaza nyuzi kabla ya ngoma kuanza. Mzazi na mtoto nao wakae chini mapema.